Nuru, Jicho, na Njia ya Misafara ya Tabora

Walimu wengi wanapofundisha habari za nuru na jicho huchora duara ubaoni, huandika majina ya sehemu zake, na watoto huyanakili katika madaftari yao. Majina hukaririwa, mtihani hupita, na baada ya miezi michache hapana aliyebakiwa na kitu ila neno moja au mawili. Hatusemi haya kwa kuwalaumu wenzetu, maana kazi ni nyingi na vyombo ni vichache. Twasema kwa sababu somo hili lina faida kubwa kupita mtihani. Mtoto asiyejua jinsi jicho lionavyo hajui pia jinsi liharibikavyo, na jicho likiisha kuharibika mara nyingi halirudi hali yake ya kwanza.

Katika nchi ya Tabora hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo na Mgunda Mkali mpaka Tabora, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji, ina habari zake za nuru na za macho. Habari hizo zafaa kusomwa pamoja na somo lenyewe, ili mtoto ajifunze historia na elimu ya viumbe kwa wakati mmoja.

Kwanza tuitazame njia. Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka pwani karibu na Bagamoyo mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Safari ile iliwachukua siku 134. Katika njia ile zilipita pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba. Walipita pia watumwa wengi waliotolewa makwao kwa nguvu, nasi hatuwezi kuisimulia njia bila kuwakumbuka hao. Wapagazi walio hodari kuliko wote walikuwa Wanyamwezi, ambao walikuwa wakienda pwani kwa miguu yao na kwa biashara zao tangu kabla ya mgeni yeyote kutoka Ulaya kuiona nchi yao.

Mwalimu aweza kuwauliza watoto: msafara ulitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Tabora; je, nuru ingetumia muda gani? Nuru huenda kadiri ya kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Njia ile ya wapagazi ilikuwa zaidi ya kilometa 900 kwa mizunguko yake. Basi nuru ingeimaliza katika sehemu moja ya mia tatu ya sekunde, yaani kabla mpagazi hajainua unyayo wake chini. Na nuru ya jua, pamoja na mwendo huo, hutumia kadiri ya dakika 8 kutufikia. Mtoto akiisha kulinganisha hivyo, hatasahau upesi.

Sasa tuje kwenye habari tuliyoikusudia. Tarehe 13 Februari 1858 msafara wa Burton na Speke, baada ya kutoka Tabora na kuivuka Malagarasi, ulikuwa ukipanda kilima kilicho juu ya Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa mgonjwa, miguu yake imekufa ganzi, hawezi kutembea. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, ambao ulikuwa ukimrudia tangu ujana wake. Macho yalivimba, na nuru ya jua ilimchoma. Punda wa Speke alikufa katika kupanda kule. Walipofika kileleni Burton aliona chini kwa mbali mstari unaong'aa, asijue ni nini. Akamwuliza mtu aliyekuwa karibu naye, naye akamjibu ya kuwa yale ni maji. Aliyejibu ni Sidi Mubarak Bombay. Speke alisimama pale pale, juu ya kilima kile kile, mbele ya ziwa lile lile, wala hakuona kitu ila weupe na ukungu.

Tumtaje kidogo Bombay huyu. Alikuwa Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa na kupelekwa Uhindi. Huko alikaa miaka mingi mpaka bwana wake alipokufa naye akapata uhuru, akarudi Afrika. Kwa sababu ya Uhindi alijua Kihindustani, na kwa lugha hiyo alisemezana na Speke. Katika siku ile ya kilimani yeye alikuwa ndiye mwenye macho mazima na maarifa ya kutambua alichokiona. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini siku ile Speke alikuwa na macho, akapaswa kuambiwa.

Basi jambo gani lilitukia pale? Hapo ndipo somo lianzapo. Ziwa halina nuru yake lenyewe, kama vile mwezi usivyo na nuru yake. Nuru ya jua iliyaangukia maji, maji yakairudisha kama kioo kirudishavyo, na sehemu ya nuru hiyo ikapanda mpaka kileleni na kuingia katika macho ya wasafiri. Macho ya Bombay yaliipokea vema. Macho ya Speke yaliipokea vibaya, kwani mlango wake ulikuwa umeharibika kwa ugonjwa. Ziwa lilikuwa moja, na nuru ilikuwa moja, lakini kuona hakukuwa kumoja.

Lugha yetu yenyewe yaweza kumpoteza mtoto katika jambo hili. Twasema mtu ametupa jicho, au amekitupia kitu macho, kana kwamba kitu hutoka machoni kwenda nje. Mtoto akiulizwa aonaje mti, mara nyingi atajibu kwamba jicho lake linaufikia mti ule. Asichekwe, maana wenye hekima wa zamani walidhani vivyo hivyo. Euclid na Ptolemy, Wayunani wakuu wa hesabu, walifundisha ya kuwa miali hutoka katika jicho na kwenda kukigusa kitu.

Aliyeligeuza wazo hilo kwa ushahidi ulio wazi ni Ibn al-Haytham, mwenyeji wa Basra, aliyezaliwa yapata mwaka 965 na kukaa Misri mpaka kufa kwake yapata mwaka 1040. Aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona, kiitwacho kwa Kiarabu Kitab al-Manazir. Alisema hivi: mtu akilitazama jua, jicho huumia. Ikiwa miali hutoka katika jicho, kwa nini liumie? Basi nuru ndiyo iingiayo. Tena nuru hutoka katika kila sehemu ya kitu kilichoangazwa, na kwenda kwa njia iliyonyoka. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1604 Mjerumani Johannes Kepler alieleza ya kuwa nuru huchora picha ya kitu katika ngozi ya ndani nyuma ya jicho, iitwayo retina, na ya kuwa picha hiyo imepinduliwa, juu imekuwa chini. Na mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alieleza jinsi picha hiyo iwezavyo kuonekana katika jicho la ng'ombe.

Mwalimu wa Tabora anaweza kuyaonyesha hayo yote bila chombo cha kununua. Nyumba za zamani za nchi hii ziliitwa tembe: kuta nene za udongo, dari bapa ya miti na udongo, madirisha madogo, na giza ndani hata adhuhuri. Livingstone na Stanley walikaa katika tembe ya namna hiyo Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872, na mahali pale pamehifadhiwa kuwa makumbusho. Chumba chochote chenye giza chafaa. Funga mlango na madirisha wakati wa jua kali, ziba nyufa kwa matambara, uache tundu moja dogo kiasi cha punje ya hindi, lielekee uwanja wenye mti. Ndani watoto washike shuka jeupe, hatua mbili mbele ya tundu. Wangoje kidogo mpaka macho yao yazoee giza. Ndipo watakapoona juu ya shuka mti wa nje, rangi zake zote, majani yakitikisika, lakini mti umesimama kwa kichwa. Mwenzao akipita nje toka kuume kwenda kushoto, katika shuka ataonekana akipita toka kushoto kwenda kuume.

Sababu yake ni nyepesi. Nuru huenda kwa njia iliyonyoka. Ile itokayo kileleni mwa mti hushuka, hupita tunduni, huendelea kushuka mpaka sehemu ya chini ya shuka. Ile itokayo shinani hupanda, hupita, huangukia juu. Chumba kile ndicho jicho. Tundu ndilo mboni, na shuka ndiyo retina. Tofauti ni kwamba jicho lina mbele yake kioo kiangavu kiitwacho konea, na nyuma ya mboni lina lenzi, na hivyo viwili huikusanya nuru ili picha iwe kali. Kisha mshipa wa kuonea huchukua habari mpaka katika ubongo, na ubongo ndio uelewao ya kuwa mti umesimama wima.

Hata chini ya miembe ya Tabora somo hili lipo kila siku. Kivulini mwa mwembe huonekana madoa ya nuru ya mviringo ardhini, ingawa nafasi kati ya majani zina pembe za kila namna. Kila nafasi ndogo ni tundu, na kila doa ni picha ya jua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na mwezi na kuonekana kama pete huko Rujewa, katika mkoa wa Mbeya, madoa ya namna hiyo yangeweza kuonyesha umbo lile lile la pete bila mtu kuinua uso wake. Na hapa mwalimu aonye kwa nguvu: jua lisitazamwe kwa macho matupu, hata likiwa limepatwa. Lenzi ya jicho hukusanya nuru yake na kuichoma retina, na retina haina maumivu ya kumwonya mtu.

Chumba cha giza kilipita katika njia ya misafara kwa namna nyingine. Speke aliporudi Afrika mwaka 1860 alifuatana na James Grant, ambaye alileta vyombo vya kupigia picha. Kamera ni chumba kile kile cha giza kilichofanywa kidogo, na badala ya shuka kuna kioo kilichopakwa dawa. Grant alipiga picha Unguja, lakini bara kazi ile ilimshinda. Dawa zilitaka kutengenezwa katika hema dogo lililofungwa, na joto la ndani lilikuwa la kumwua mtu. Ikawa Grant aliacha kamera, akachora kwa mkono. Basi mengi tuyajuayo juu ya sura ya njia ile siku zile yalipita kwanza katika jicho la mtu, kisha katika mkono wake.

Turudi kwa Speke. Mwezi wa Julai 1858 Burton alibaki Tabora, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay kutafuta ziwa kubwa ambalo wafanya biashara Waarabu wa Tabora, hasa Snay bin Amir, walikuwa wamewaeleza habari zake. Macho yake yalikuwa yamepata nafuu, lakini mwangaza ulikuwa ukimwumiza bado, kwa hiyo alivaa miwani ya rangi ya kijivu. Watu wa njiani hawakuwa wameona kitu kama kile. Walisema mtu huyu ana macho mara mbili, wakajazana, wakainama kuchungulia chini ya kofia yake, hata akashindwa. Akaivua miwani, akaitia mfukoni, akafumba macho, na punda wake akaongozwa na mtu. Tazameni: msafiri aliyetoka mbali ili aione nchi, alipita sehemu ya nchi hiyo macho yamefumbwa.

Mapema mwezi wa Agosti 1858 alilifikia ziwa la Nyanza, akaliona, akalipa jina la malkia wake. Aliporudi Tabora na kumwambia Burton ya kuwa hilo ndilo chimbuko la mto Nile, Burton hakukubali. Urafiki wao ukaharibika kwa ajili ya neno hilo. Nasi twaweza kuwaonyesha vijana kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki. Speke alikuwa ameona maji kweli, lakini aliyoyaona ni sehemu ndogo tu ya ziwa, na chimbuko lenyewe hakuliona siku ile, hilo alilifikiri. Alilithibitisha nusu yake mwaka 1862 alipouona mto ukitoka ziwani, na mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa na kuonyesha ya kuwa ni moja. Kuona ni jambo moja, na kufikiri juu ya ulichokiona ni jambo la pili. Mwanafunzi anayejifunza kutenga mambo haya mawili amejifunza mwanzo wa elimu yote.

Kuna habari ya tatu. Mwaka 1873 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alikaa Kwihara pamoja na wenzake, wakiwa wagonjwa wa homa, na macho ya Cameron yamekuwa nusu kipofu. Msimamizi wa msafara wake alikuwa Bombay yule yule. Tarehe 20 Oktoba aliletewa barua. Iliandikwa na Jacob Wainwright, mmoja wa wafuasi wa Livingstone, kutoa habari ya kufa kwake. Cameron aliisoma kwa shida, asielewe. Akamwendea mwenziwe Dillon, wakaisoma tena pamoja, wakajiuliza kama baba yao wenyewe ndiye aliyekufa. Hawakufahamu mpaka Chuma, aliyeileta barua ile, alipoingizwa mbele yao. Herufi zilikuwa zimefika machoni, lakini ubongo ulikuwa umechoka kwa homa. Hapo mtoto aona ya kuwa jicho peke yake halioni. Jicho hupokea, na ubongo ndio utambuao.

Tumesema mwanzoni ya kuwa somo hili lina faida kubwa kupita mtihani. Faida hiyo ni hii. Njia ya misafara ilipita Ugogo, nchi kavu, yenye vumbi na maji machache. Sehemu hizo zilijulikana kwa muda mrefu kwa ugonjwa wa macho uitwao trakoma. Vidudu vyake huenezwa kwa mikono, kwa nguo, na kwa nzi watuao katika nyuso za watoto zenye uchafu wa macho na pua. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, upande wa ndani wa kope hupata makovu, kope hujipinda, na nywele zake huigeukia konea na kuikwaruza. Konea, iliyokuwa kiangavu kama kioo, hufanya weupe. Nuru ipo, retina ni nzima, lakini dirisha limezibika. Mara nyingi mtoto huambukizwa akiwa mdogo, akapofuka akiwa mtu mzima, asijue ya kuwa mambo yalianza utotoni.

Katika wilaya ya Kongwa, karibu na njia ile ya zamani, waganga walifanya uchunguzi kwa miaka mingi. Mwaka 1995 ilitangazwa taarifa ya vijiji 6: vyote vilipewa dawa, na 3 kati yake vilifundishwa pia kwa bidii kunawisha watoto nyuso. Walionekana watoto wenye nyuso safi daima kupatwa kidogo na trakoma iliyo kali. Watu walikuwa wakidhani kunawa kwataka maji mengi, na maji yako mbali. Ikaonekana ya kuwa maji kidogo sana yatosha nyuso nyingi. Huo ni ujuzi usiohitaji fedha, na mwalimu ndiye awezaye kuutia katika mazoea ya watoto kila asubuhi.

Jambo la pili ni chakula. Retina haiwezi kuipokea nuru hafifu bila vitamini A. Mtoto aliyeipungukiwa huanza kwa kutoona vizuri jioni, wenziwe wakicheza yeye hujikwaa. Na asipotunzwa, konea yake huweza kukauka na kuharibika kabisa. Dawa yake imo katika maini, katika mboga za majani, katika mapapai na maembe mabivu, na katika mawese mekundu ya Ujiji na Kigoma. Miembe ya Tabora, ambayo watu huihesabu kuwa alama ya njia ya misafara, yatoa basi kivuli cha kufundishia na tunda la kuyalinda macho.

Tabora umekuwa mji wa shule kwa muda mrefu. Katika shule ya Mtakatifu Maria ya mji huo, baada ya mwaka 1945, Julius Nyerere alikuwa mwalimu, na elimu ya viumbe ilikuwa mojawapo ya masomo aliyofundisha. Walimu wa leo wana vitabu vingi kuliko wa siku zile. Lakini chumba cha giza, shuka jeupe, jicho la ng'ombe kutoka buchani, na kivuli cha mwembe, hivyo havijapungua thamani.

Twapenda mwalimu afundishapo sehemu za jicho amtaje Bombay pamoja nazo. Vitabu vingi vimewataja waliokuwa na kalamu, vikasema wao ndio walioliona ziwa. Na kweli Burton aliona mstari wa nuru. Lakini aliyejua ya kuwa nuru ile ni maji alikuwa mtu aliyewahi kuuzwa kama mtumwa, na mwenye kalamu wa pili hakuona neno. Vijana wakiyajua hayo watayatunza macho yao kwa uangalifu zaidi, na wakisoma habari yoyote ya zamani watauliza ni macho ya nani yaliyoona.